Kupima maada ya giza kwa pinde za nuru: mwongozo wa anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu maada ya giza kwenye makundi ya galaksi ni yaleyale. Nianze na picha ipi? Mbona masi niliyopata imezidi kupita kiasi? Na lile linaloulizwa kuliko yote: hapa kwenye picha, maada ya giza iko wapi?

Nijibu la mwisho kwanza, maana ukilielewa vibaya, kazi yote inakwenda upogo. Maada ya giza huioni kwenye picha yoyote. Unachopima kwa lenzi ya graviti ni masi yote iliyopinda nuru: nyota, gesi ya moto, na kila kisichong'aa. Maada ya giza ni salio. Unapima jumla, unatoa vile vinavyoonekana, na kinachobaki ndicho unachokitafuta. Yale mawingu ya buluu unayoyaona yamefunika makundi ya galaksi kwenye picha maarufu ni ramani zilizotokana na hesabu, kisha zikapakwa rangi.

Mwongozo huu una sehemu mbili. Ya kwanza unaweza kuimaliza kwa siku moja: unachora duara, unapata masi. Ya pili ni ya wiki kadhaa na inahitaji subira. Tafadhali usiruke ya kwanza.

Nadharia kidogo tu

Masi hupinda njia ya nuru. Jua hupinda nuru ya nyota inayopita ukingoni mwake kwa sekunde za tao 1.75 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na kupinda huko kulipimwa wakati wa kupatwa kwa Jua mwaka 1919. Kundi kubwa la galaksi lina masi ya Jua mara mamia ya trilioni, kwa hiyo galaksi iliyo nyuma yake inaweza kuonekana imenyooshwa ikawa upinde mrefu, au ikajitokeza mara mbili, tatu au zaidi. Hiyo ndiyo lenzi kali. Mbali na kitovu cha kundi, galaksi za nyuma hunyooshwa kidogo sana, kiasi kwamba huwezi kugundua kwa galaksi moja, unahitaji mamia. Hiyo ni lenzi hafifu.

Mwanaastronomia Fritz Zwicky ndiye aliyeona mwaka 1933 kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi kuliko masi inayoonekana inavyoweza kuzishika. Mwaka 1937 akapendekeza makundi ya galaksi yatumike kama lenzi. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1980 ndipo pinde zenyewe zikaonekana, mojawapo ikiwa ule mkubwa wa kundi la Abell 370.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta ya kawaida yenye nafasi ya kutosha, kwa kuwa mafaili ya picha ni mazito.
- Programu ya SAOImage DS9 ya kufungulia picha za FITS, muundo wa mafaili unaotumiwa na wanaastronomia. Ni ya bure.
- Python pamoja na numpy, matplotlib na astropy.
- Hesabu za sekondari: vipeo, vipeuo, sine na kosine. Nadharia ya Einstein yenyewe huhitaji kuijua kwa undani ili kufuata hatua hizi.
- Daftari la kuandikia kila uamuzi. Siongezi hili kwa mazoea. Baada ya wiki mbili hutakumbuka kwa nini uliiacha galaksi fulani.

Darubini huhitaji. Picha za darubini za angani Hubble na James Webb zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya MAST nchini Marekani, na zikishakuwa wazi kwa umma mtu yeyote anaweza kuzipakua bila malipo.

Sehemu ya kwanza: masi kutokana na upinde mmoja

1. Chagua kundi la mviringo lenye galaksi kubwa moja katikati. Wengi huanza na Abell 370 au Abell 2744 kwa sababu picha zake zinavutia. Usifanye hivyo. Abell 370 ina galaksi kuu mbili, na Abell 2744 ni makundi yaliyogongana. Utachora duara kuzunguka kitovu kipi? Anza na MS 2137-2353. Lina galaksi kuu moja, limetulia, na upinde wake ni wazi. Ni mojawapo ya makundi 25 yaliyopigwa picha na Hubble kwenye mradi wa CLASH, kwa hiyo data zake zimekwisha kusafishwa.

2. Pakua picha zilizokwisha unganishwa, usipakue ghafi. Ndani ya MAST tafuta bidhaa za CLASH za kundi hilo. Chukua filta tatu: moja ya buluu, moja ya katikati, moja ya wekundu au infraredi. Chagua seti yenye pikseli za sekunde ya tao 0.065, ile ya 0.03 ni nzuri lakini itaielemea kompyuta yako bila faida kwa kazi hii.

3. Fungua kwenye DS9 kwa mpangilio wa rangi tatu. Weka kipimo cha logarithimu, kisha panua mwanga hadi ukungu wa galaksi kuu uonekane bila kuzima vitu hafifu vilivyo kandokando. Linganisha fremu kwa viwianishi vya anga, si kwa namba za pikseli.

4. Tafuta upinde. Upinde wa kweli una rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mara nyingi buluu kuliko galaksi za kundi, ni mwembamba, na umejipinda kuzunguka kitovu. Kwenye MS 2137 utauona mkubwa umbali wa takribani sekunde 15 kutoka galaksi kuu. Kuna mwingine mfupi uliofichwa na mng'ao wa galaksi hiyo, nao unaelekea katikati badala ya kuizunguka. Huo usiuingize kwenye duara lako. Unaeleza jinsi masi inavyoongezeka kuelekea kitovuni, si jumla yake. Wapo walioulazimisha kwenye duara moja na ule mkubwa, wakapata jibu lisilo na maana.

   Tahadhari nyingine: galaksi bapa inayoonekana kwa ubavu hufanana na upinde. Ikiwa imenyooka kama rula, au katikati yake pana uvimbe wa rangi nyingine, iache.

5. Chora duara. Weka kitovu kwenye galaksi kuu, panua hadi duara lipite katikati ya unene wa upinde. Hakikisha DS9 inakupa nusukipenyo kwa sekunde za tao. Rudia mara tano, ukifuta kila mara na kuanza upya bila kutazama namba ya awali. Tofauti kati ya majaribio yako ndiyo kiasi chako cha shaka. Masi hufuata mraba wa nusukipenyo, hivyo kosa la sekunde moja katika 15 linakuwa kosa la karibu asilimia 14 kwenye masi.

6. Tafuta mhamo-wekundu wa lenzi na wa chanzo. Mhamo-wekundu ni kipimo cha jinsi mawimbi ya nuru yalivyorefuka tangu yaanze safari, na ndio unaotupa umbali. Kundi hili lina 0.313, na galaksi iliyogeuzwa kuwa upinde ina 1.501, iliyopimwa kwa spektra, yaani kwa kuitawanya nuru yake katika rangi zake. Usikisie namba ya chanzo kwa sababu tu galaksi inaonekana mbali. Kama ungeweka 0.6 mahali pa 1.501, masi ingepanda kwa zaidi ya nusu, na wala duara lako lisingekuonya.

7. Kokotoa umbali wa aina tatu. Tumia FlatLambdaCDM, modeli ya ulimwengu iliyo ndani ya astropy, ukiweka kiwango cha Hubble (kasi ya kupanuka kwa ulimwengu) 70 na sehemu ya maada 0.3. Unahitaji umbali wa kipenyo-pembe, yaani ule unaohusisha ukubwa halisi wa kitu na ukubwa wake unavyoonekana angani: kutoka kwetu hadi kwenye lenzi, kutoka kwetu hadi kwenye chanzo, na kutoka lenzi hadi chanzo. Utapata takribani megaparseki 946, 1,746 na 1,249 (megaparseki moja ni karibu miaka-nuru milioni 3.26).

   Simama hapa uangalie. Namba ya tatu si tofauti ya mbili za kwanza! 1,746 ukitoa 946 unapata 800, na hiyo ni makosa. Ulimwengu ulikuwa ukipanuka wakati nuru ikisafiri, kwa hiyo umbali wa aina hii haujumlishwi wala hautolewi. Astropy ina kitendaji chake cha kazi hiyo, angular_diameter_distance_z1z2. Anayetoa kwa mkono atapata masi iliyozidi kwa asilimia 56. Kila ninapoletewa masi iliyozidi, hapa ndipo ninapotazama kwanza.

8. Pata masi. Zidisha umbali wa lenzi kwa umbali wa chanzo, gawanya kwa umbali kati yao, kisha geuza kuwa gigaparseki. Kwa kundi letu ni 1.32. Halafu:

   masi = 1.23 × 10¹¹ × (nusukipenyo kwa sekunde za tao)² × 1.32

   Jibu liko kwa masi za Jua. Kwa nusukipenyo cha 15 unapata karibu 3.65 × 10¹³, yaani Jua trilioni 36.5, ndani ya kiloparseki 69 tu za kitovu. Kumbuka hii ni masi ya ndani ya bomba refu linaloelekea upande wako, si ya ndani ya tufe. Chochote kilicho mbele au nyuma ya kitovu kwenye mstari huohuo kimehesabiwa.

9. Jipime kwa njia nyingine. Kama kundi lingekuwa tufe rahisi lenye joto sawa, nusukipenyo cha upinde kingekuwa sekunde 28.8, mara mraba wa kasi ya galaksi zake (mtawanyiko wa kasi zao kwenye mstari wa kutazama) kwa vizio vya kilomita 1,000 kwa sekunde, mara uwiano wa umbali wa lenzi hadi chanzo kwa umbali wa chanzo. Geuza mlinganyo huo na utapata kasi ya karibu kilomita 850 kwa sekunde. Kwa kundi la galaksi hiyo ni kasi ya kuaminika. Ukipata 3,000, rudi hatua ya 7.

10. Sasa toa vinavyoonekana. Nyota za galaksi kuu ya kundi huwa na masi ya kiwango cha 10¹² za Jua. Hata ukiwa mkarimu ukaizidisha mara mbili, hujafika asilimia sita ya ulichopima. Gesi ya moto hupimwa kwa eksirei, na kwa kundi zima huwa asilimia 10 hadi 15 ya masi, mara kadhaa kuliko nyota zote. Usichukue asilimia ya kundi zima ukaitumia kitovuni bila kufikiri. Gesi imetapakaa zaidi kuliko nyota. Vyovyote utakavyohesabu, pengo halizibiki.

Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii kwa mikono yangu nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimesoma kuhusu maada ya giza kwa miaka, lakini kuiona ikibaki kama salio kwenye daftari langu ni jambo lingine kabisa.

Neno moja kuhusu usahihi: duara ni makadirio. Makundi halisi ni duaradufu na yana vijikundi ndani yake, na kwa kawaida njia hii hutoa masi kubwa kuliko ilivyo. Kosa la theluthi moja lisikushangaze. Ukitaka kwenda mbele zaidi, kuna programu kama Lenstool na glafic zinazotumia picha nyingi za chanzo kimoja kujenga ramani ya masi. Zijaribu baada ya kumaliza sehemu hii.

Sehemu ya pili: lenzi hafifu

Pinde zinakupa kitovu tu. Sehemu kubwa ya masi ya kundi iko nje, na kule hakuna upinde wa kuchorea duara.

11. Chukua katalogi ya maumbo iliyokwisha tengenezwa. KiDS, DES na Hyper Suprime-Cam, miradi inayopiga picha maeneo mapana ya anga, imetoa hadharani katalogi zenye mamilioni ya galaksi, kila moja na umbo lake. Usianze kwa kupima maumbo mwenyewe kutoka kwenye picha. Darubini na hewa hutia ukungu unaonyoosha galaksi kwa kiasi kinachozidi hata lenzi yenyewe, na kuondoa ukungu huo ni taaluma ya peke yake. Tafuta kundi kubwa lenye mhamo-wekundu kati ya 0.2 na 0.4 lililo ndani ya eneo la mradi uliouchagua, mbali na ukingo.

12. Soma maelezo ya katalogi hadi mwisho. Kila mradi una uzito wake na marekebisho yake. KiDS hukupa uzito na kipimo cha kosa la kuzidisha. DES hutumia njia nyingine inayodai ugawe kwa mwitikio wa umbo, yaani jinsi umbo lililopimwa linavyobadilika galaksi ikinyooshwa kidogo. Ukichanganya, unapata jibu linalovutia lisilo sahihi.

13. Baki na galaksi za nyuma peke yake. Kata kila galaksi ambayo mhamo-wekundu wake, uliokadiriwa kwa rangi, hauzidi ule wa kundi kwa angalau 0.2. Galaksi za kundi lenyewe hazijanyooshwa na lenzi. Zikiingia zinapunguza wastani kama maji kwenye maziwa. Nazo zimejaa zaidi karibu na kitovu, mahali ambapo ungetegemea ishara iwe kubwa.

14. Geuza kila umbo kuwa mnyoosho wa tanjenti, yaani ule unaokizunguka kitovu. Kwa kila galaksi una namba mbili za umbo, e1 na e2, na pembe φ ya mahali ilipo ukitazama kutoka kitovuni. Mnyoosho wa tanjenti ni −(e1 cos 2φ + e2 sin 2φ). Mnyoosho wa kukingama, ule ulioinama digrii 45, ni e1 sin 2φ − e2 cos 2φ. Kokotoa yote miwili. Wengi huukokotoa wa kwanza peke yake, wakakosa kipimo bora cha kujua kama wamekosea.

15. Gawa anga katika pete, chukua wastani wenye uzito. Uelewe ukubwa wa unachotafuta. Kundi lenye nusukipenyo cha Einstein (kile cha duara la upinde ulilochora sehemu ya kwanza) cha sekunde 30 linanyoosha galaksi zilizo dakika tano za tao kutoka kitovuni kwa karibu 0.05. Galaksi moja, kwa umbo lake la kuzaliwa, inatofautiana na duara kwa karibu 0.28 kila upande. Kelele inaizidi ishara zaidi ya mara tano. Lakini pete ya kati ya dakika nne na sita ina dakika za mraba 63; katalogi yenye galaksi saba kwa kila dakika ya mraba inakupa galaksi 440, na kosa la wastani linashuka hadi 0.013. Hapo ishara inajitokeza. Ukitumia pete nyembamba sana utaona fujo tupu.

16. Linganisha na modeli. Anza na tufe rahisi la hatua ya 9, ambalo mnyoosho wake ni nusukipenyo cha Einstein ukigawa kwa mara mbili ya umbali kutoka kitovuni. Baadaye tumia modeli ya Navarro, Frenk na White, inayoeleza jinsi maada ya giza inavyopungua kutoka kitovuni. Programu ya CLMM imeandikwa kwa kazi hii hasa. Pete zilizo karibu sana na kitovu ziache: hapo mnyoosho si mdogo tena, na kitovu chako kikiwa kimekosewa kidogo, pete hizo ndizo zinazoumia kwanza.

Mambo yakikwama

*Picha ya DS9 ni nyeusi yote.* Kipimo cha mwanga kimewekwa kwa nyota moja kali. Badili kiwe zscale, kisha rudi kwenye logarithimu.

*Masi inatoka kubwa mara mamia au maelfu kuliko inavyotarajiwa.* Umechanganya vizio. Ama nusukipenyo kiko kwa pikseli, ama umbali uko kwa megaparseki badala ya gigaparseki. Ambatanisha vizio vya astropy kwenye kila namba, nayo itakataa kukokotoa ukikosea.

*Mnyoosho wa tanjenti unatoka karibu na sifuri, au hata hasi.* Mara nyingi ni mwelekeo wa mhimili. Kwenye anga, mashariki iko kushoto kaskazini ikiwa juu, na katalogi hazikubaliani alama ya e2 iende upande gani. Geuza alama ya e2 na ujaribu tena. Lakini usigeuze mpaka grafu ikupendeze. Tafuta kwenye maelezo ya katalogi alama ipi ni sahihi, uandike kwenye daftari.

*Mnyoosho wa kukingama hauko sifuri.* Graviti ya kundi haiwezi kuuzalisha, kwa hiyo unapaswa kuyumba karibu na sifuri ndani ya wigo wa makosa. Ukipanda au kushuka kwa mpangilio, kuna hitilafu: pembe imekosewa, au ukungu wa darubini haukuondolewa vizuri eneo hilo. Usitangaze masi yoyote kabla ya kulimaliza hili.

*Ishara inashuka unapokaribia kitovu badala ya kupanda.* Galaksi za kundi zimepenya. Ongeza ukali wa kukata hatua ya 13, kisha hesabu galaksi kwa kila dakika ya mraba katika kila pete. Zikiongezeka kuelekea kitovu, umempata mhalifu.

*Masi ya lenzi haikubaliani na ya eksirei.* Usidhani mara moja kwamba umekosea. Eksirei hudhani gesi imetulia. Kwenye Kundi la Risasi, lenye mhamo-wekundu wa 0.296, makundi mawili yamepenyana: gesi imekwama nyuma kwa msuguano, lakini masi inayopimwa kwa lenzi imeendelea mbele pamoja na galaksi. Matokeo hayo ya mwaka 2006 ni miongoni mwa ushahidi ulio wazi zaidi kwamba masi nyingi si gesi. Kwa hiyo tazama kwanza picha ya eksirei ya kundi lako. Kama gesi imepasuka au imekaa upande, tofauti hiyo ni habari kuhusu kundi lenyewe, na inastahili ukurasa wake kwenye daftari.